Mrihani Unataka Mkasi

Juzi usiku nimepokea ujumbe wenye picha kutoka kwa dada mmoja wa Temeke. Kaandika hivi: "Shoga, mrihani wangu umerefuka, umetoa maua mpaka juu, chini umebaki vijiti vitupu. Naona huruma kuukata. Nikitaka rihani za kupikia nanunua sokoni. Nifanyeje?"

Nimeisoma mara mbili. Mtu ana mrihani barazani kwake, anaumwagilia kila jioni, halafu anatoa hela kununua rihani! Wala hayuko peke yake. Ujumbe wa namna hii naupata sana, leo ni mrihani, kesho nanaa, keshokutwa mchaichai. Watu wanajua kupanda. Wanachoogopa ni kuvuna.

Dada yangu, ukate. Usingoje Ijumaa, ukate kesho asubuhi. Sababu nakueleza, ila kwanza nikusimulie nilikotoka.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga mjini. Kabla ya hapa nilipo nilipanga nyumba moja yenye ua mkubwa, mwenye nyumba akaniruhusu kwa kinywa chake nilime upande wa nyuma. Nililima kweli. Mchaichai niliutoa kwa bibi yangu Pangani, kichaka alichokikuta kwa mama yake. Nanaa, mrihani, giligilani, kivumbasi cha kufukuza mbu, vyote vilikuwa pale. Jirani zangu walikuwa wanapiga hodi jioni kuomba majani ya chai, na mimi sikumnyima mtu.

Siku moja nimetoka kupeleka nguo za watu, narudi nakuta kijana na jembe, ua mweupe. Mwenye nyumba kamwaga mchanga, anataka pa kuegesha gari. Hakunipigia simu wala kunituma mtoto. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, si majani tu?" Niliingia ndani nikafunga mlango, nililia mpaka magharibi. Hadi leo hajaniomba radhi. Tukikutana Mgandini namsalimu, napita, lakini lile neno "majani tu" bado liko kifuani.

Jirani yangu mmoja, Mungu ampe kheri, aliokota shina la mchaichai kwenye lundo la takataka akanigongea dirishani usiku. Nikalitia kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini. Mchaichai wote mnaouona kwenye picha zangu umetoka kwenye shina lile. Na tangu siku ile sipandi kitu ardhini kwa mtu. Kila changu kinabebeka: ndoo, beseni lililopasuka, kiroba cha unga, dumu lililokatwa. Siku ya kuhama napakia bustani kwenye guta pamoja na cherehani yangu. Kwa hiyo wewe unayeniambia "nasubiri nipate kiwanja changu ndio nianze", mimi sikuelewi. Anza na ndoo.

Ndoo yenyewe itoboe matundu kwa msumari uliopashwa moto, mengi ya kutosha, maana mizizi ya viungo hivi karibu vyote inaoza ikikaa kwenye maji. Udongo wetu wa pwani ni mchanga mtupu, maji yanapita na mbolea inapita nayo. Changanya na samadi iliyooza vizuri, ile ambayo ukiishika haina joto wala harufu kali, na pumba za mpunga kidogo. Hapo umemaliza.

Sasa turudi kwenye mkasi.

Shika shina la mrihani ulitazame kwa karibu. Majani yanatoka mawili mawili, yakikabiliana, na kila jozi ina kifundo chake. Pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina, kila upande, utaona kijichipukizi cha ukubwa wa punje ya mchele, kimejikunja. Hicho kinangoja. Maadamu ncha ya juu ya shina ipo, yenyewe ndiyo inayovizuia vile vya chini visikue, mmea unapanda juu tu. Ukiikata ncha, juu kidogo ya kifundo, nusu sentimita hivi, vile viwili vinaamka na kila kimoja kinakuwa tawi. Ulikuwa na shina moja, sasa una mawili. Ukikata hayo mawili unapata manne. Mrihani wangu umekuwa mpana kiasi kwamba ndoo haionekani, na watu wananiuliza natia mbolea gani. Natia mkasi.

Mkato wa kwanza ninaupiga mche ukiwa na jozi tatu au nne za majani. Wengi hapo ndipo wanapopata uchungu, wanasema bado mtoto. Kata huyo huyo mtoto. Baada ya hapo unarudi kila baada ya wiki mbili au tatu, unachukua kama theluthi ya mmea, si zaidi, na kila ukiona ncha inataka kufanya maua, iondoe. Mrihani ukishachanua na kufunga mbegu, umemaliza kazi yake ya duniani: majani yanakuwa madogo na machungu, shina linakuwa la ukuni. Hicho ndicho kilichompata dada wa Temeke.

Na usivune kwa kuchuma jani moja moja la chini. Ninaona watu wengi wanafanya hivyo, wanaacha ncha juu na kuvua majani makubwa chini. Yale makubwa ndiyo yanayoulisha mmea. Vuna kutoka juu.

Kwa mrihani uliokwisha kuwa mti, kata matawi uyapunguze, lakini kila tawi liachie majani mabichi machache, kwa sababu ukikata mpaka kwenye ukuni mtupu unaweza usichipue tena. Halafu zile ncha laini zisizo na maua usizitupe. Chagua zenye urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, zitie kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga lakini pasipo na jua kali. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Ndani ya wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe, panda. Miche mipya umeipata bure, na ule mzee hata ukifa haukuachi mikono mitupu.

Nanaa ina tabia nyingine kabisa. Hii huna haja ya kuibembeleza, inatambaa chini ya udongo na kuwafukuza wenzake, kwa hiyo ipe ndoo yake peke yake. Inapenda unyevu na kivuli cha mchana. Yangu iko chini ya kamba ya nguo, inapata matone. Ikirefuka na kulala, ikate yote ibaki vidole viwili kutoka kwenye udongo. Itarudi ikiwa laini kuliko ilivyokuwa.

Mchaichai vuna mabua ya nje, kwa kuyashika chini kabisa na kuyapinda kuelekea nje huku unakata karibu na mzizi. Ya katikati yaache, ndiyo yanayozaa. Sehemu nyeupe ya chini ni ya kuponda kwenye mchuzi na supu ya samaki, majani ni ya chai. Na kichaka kikijaa ndoo kigawe. Nimegawa mpaka nimesahau nimempa nani.

Giligilani ndiyo inayowaliza wengi hapa pwani, na inawaliza kwa sababu wanaipanda wakati wa kaskazi. Ile si mmea wa joto. Jua la Januari likiipiga, inaruka moja kwa moja kwenye maua kabla hujapata majani ya kachumbari hata moja. Mimi napanda nyingi mwezi wa sita mpaka wa nane, kusi linapovuma na usiku kuna baridi kidogo. Miezi ya joto naipanda kidogo tu, kwenye kivuli, na naivuna ikiwa changa. Mbegu nanunua dukani, zile zile za kusagia viungo, mradi ziwe nzima na si za kukaangwa. Zikandamize kwa chupa taratibu, kila punje igawanyike vipande viwili, kwa sababu ndani yake mna mbegu mbili. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga kwenye ndoo utakayovunia. Usiihamishe, mzizi wake ni mrefu na hautaki kusumbuliwa. Kisha kila baada ya wiki mbili au tatu mwaga ndoo nyingine, maana giligilani haina subira ya mrihani. Ukiikata mara mbili tatu imekwisha. Inayokuponyoka ikachanua, iache ifunge mbegu, ukaushe, upande tena.

Rozimeri nitaisema kwa ufupi. Huku kwetu kwenye unyevunyevu inataka mchanga mwingi, jua kamili na maji ya kuhesabu. Kata ncha za kijani tu.

Kuna jambo la maji lazima niliseme. Kisima changu kina chumvi, na wengi mnaokaa karibu na bahari mnajua ninachozungumzia. Ukiona ncha za majani zinakauka na kuwa za kahawia wakati udongo una unyevu, usiongeze mbolea, fikiria chumvi. Nanaa na giligilani ndizo zinazodhurika haraka. Mimi hizo nazipa maji ya bomba au ya mvua, na kila masika naiacha mvua ipige ndoo zote mpaka maji yatoke chini kwa wingi, yaoshe chumvi iliyokusanyika.

Saa ya kuvuna nayo ina maana yake. Harufu unayoinunua kwenye majani haya ni mafuta, na mafuta hayo yanaruka na joto. Ninavuna asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Mkasi ninaotumia ni ule mdogo wa kukatia nyuzi, mkali, naufuta kabla ya kuhama ndoo hadi ndoo. Nikikata tu, mabua yanaingia kwenye maji, sio kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa ukaanza kutoa jasho. Rihani usiitie kwenye friji, baridi ya chini ya nyuzi 10 inaifanya nyeusi. Iache mezani kwenye glasi. Giligilani na nanaa zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, hizo friji inazifaa.

Mwezi uliopita ilikuja familia moja yenye harusi, wanataka rihani za vikuba. Mnajua kikuba, asumini, rihani, mkadi, vinafungwa pamoja na bibi harusi na mashoga zake wanavichomeka. Kikuba hakitaki jani lililosinyaa wala lililotobolewa na wadudu. Mama wa bibi harusi alizitazama ndoo zangu moja baada ya nyingine, akanusa, akasema, "Hizi zimetunzwa." Nilikata asubuhi hiyo mpaka vidole vikanuka rihani hadi usiku, nikalipwa, na wiki ile ile ndoo zilikuwa zimechipua upya. Wakati zinachipua nilimkumbuka yule mwenye nyumba na mchanga wake. Si majani tu, mzee wangu.

Nyinyi mnaotaka kuuza, nawaambia hivi hivi: mteja anarudi kwa sababu ya majani safi, na majani safi yanatoka kwenye mmea unaokatwa mara kwa mara. Mmea usiokatwa unazeeka. Vidukari nao wanapenda kukaa chini ya majani. Wakija, ponda majani ya mwarobaini, loweka usiku, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni, na suuza vizuri kabla ya kula. Dawa kali za dukani kwenye kitu unachokila kibichi, tafadhali usitie. Unamlisha mwanao.

Na acheni kuhurumia mimea huku mkijinyima. Nawaambia hasa wanawake wenzangu, maana tunapenda kuweka vitu vizuri kwa ajili ya wageni. Vyombo kabatini, nanaa ndooni, mgeni haji, nanaa inakauka. Kata, pika, kunywa, mpe jirani. Mmea utakurudishia.

Kilichozidi kianike. Rihani na nanaa funga vishada vidogo, vining'inize ndani penye hewa; mchaichai ukate vipande vya urefu wa kidole, utandaze kwenye ungo kivulini. Usianike juani, rangi inapotea na harufu inaondoka nayo. Jani likivunjika ukilifikicha na bua likikatika kwa sauti, limekauka. Likipinda tu, bado, na ukilifungia hivyo litaota ukungu. Tia kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, iweke kabatini mbali na jiko, na uandike mwezi uliokaushia kwa kalamu juu ya kifuniko.