Rangi ya chungwa sebuleni: paka ukuta mmoja tu

Dada, umeuliza kama chungwa litafaa sebule yenye masofa ya kahawia na dirisha la magharibi. Litafaa, ila si lile la kuwaka kama fulana ya bodaboda. Jua la saa kumi jioni huongeza wekundu, na chumba huonekana kina joto kuliko kilivyo. Chukua chungwa lililofifia, la tofali au chungu kilichochomwa, upake ukuta ulio nyuma ya sofa. Kuta nyingine ziwe rangi ya maziwa. Nyeupe kali itagombana na chungwa.

Kabla ya kununua kopo kubwa, paka rangi ya majaribio kwenye kadibodi ya nusu mita, uiegemeze ukutani na uitazame asubuhi, jioni na usiku taa zikiwaka. Balbu za mwanga mweupe wa kibuluu hulifanya chungwa lionekane chafu. Weka za mwanga wa manjano, 2700K hadi 3000K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga).

Chungwa halifuniki vizuri juu ya nyeupe, ndiyo maana mafundi wengi huacha michirizi. Piga msasa, futa vumbi, paka praima (rangi ya msingi) iliyotiwa rangi ya krimu au pichi, kisha mikono (tabaka) miwili au mitatu ya rangi ya maji isiyong'aa. Ukuta wa mita 4 kwa 2.8 hula takriban lita moja na robo kila mkono, hivyo kopo la lita 4 linatosha. Plasta mpya isubiri wiki nne. Ikipakwa mbichi, chumvi hutoka na kuacha mabaka meupe.

Mapazia yasiwe ya chungwa. Mito miwili ya sofa ya rangi hiyo inatosha.