Re: Form three wanaandika habari kama insha, nifanyeje?

Pole mwalimu mwenzangu, hiyo ya kuwaambia wanafunzi wahariri habari zao halafu wanakopi kazi ileile kwa mwandiko mzuri nimeipitia sana. Mi siku hizi nawapa mkasi. Kweli kabisa, mkasi. Wanakata habari aya moja moja, wanachanganya mezani, jirani anapanga upya, na ile aya ya nani kafanya nini, lini na wapi iliyokuwa imejificha chini anaivuta juu mwenyewe. Peni nyekundu ficha kwanza, spelling mtasahihisha mwisho, ukianza nayo wanadhani kuhariri ni kusaka herufi tu.

Juzi mmoja kaanza "Siku ya Jumamosi kulipambazuka vizuri na wote tulikuwa na furaha", kumbe huko aya ya nne bomba la bweni limepasuka! Akaandika upya: "Madaftari ya wanafunzi 30 yameloa Jumamosi baada ya bomba kupasuka bwenini." Safi, ila hiyo 30 nani kahesabu? Nikamrudisha kwa matron akaulize, akarudi na 22 😂