Maswali ya wasomaji: Tangu lini stelingi akafa?

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia Avengers: Endgame, filamu ya 2019 iliyowakusanya mashujaa wa Marvel kupigana na Thanos, jambazi aliyefuta nusu ya viumbe kwa kuchapua vidole. Kama bado hujaiona, ruka ukurasa huu. Tunamwaga ubuyu wote.

*Kibandani kwetu tumekua tukijua stelingi hafi. Humu Tony Stark, Iron Man mwenyewe, kafa, Natasha mwenzake kafa, na mashine ya kurudi nyuma wanayo! Kwa nini wasimfuate Thanos akiwa kichanga, wakammaliza, mambo yakaisha?*
*– Msomaji, Tandika, Dar es Salaam*

Swali lako analiuliza Rhodey, rafiki wa Tony, ndani ya filamu, tena kwa vitendo: anavuta kamba ya hewani kama anayemnyonga mtoto. Bruce Banner, mwanasayansi wao, anamkatisha. Kanuni ya filamu hii ni kwamba ukienda jana, jana hiyo inageuka kuwa kesho yako, na ulikotoka hakubadiliki hata kidogo. Ukimuua Thanos mchanga utakuwa umeokoa dunia nyingine yenye watu wengine. Kwenu waliopukutika 2018 wanabaki vumbi vilevile.

Kwa hiyo wanachofanya ni kuazima. Mawe sita ya nguvu, yale aliyoyatumia Thanos kufuta viumbe, yanafuatwa sehemu nne: New York ya 2012 yako matatu, Asgard ya 2013 moja, Morag na Vormir za 2014 moja moja. Wanayatumia kuwarudisha waliopotea, kisha Steve Rogers, yaani Captain America, anapewa kazi ya kuyapeleka kila moja mahali pake, kwa sababu yule mwanamke mwenye kipara anayelinda jiwe la wakati ameshamwonya Banner: jiwe likiondoka na lisirudi, dunia ile iliyonyang'anywa ndiyo itakayoumia.

Sasa shika hesabu ya chembe za Pym, maana hapo ndipo wengi huteleza. Chembe hizo ndizo mafuta ya safari. Walizo nazo zinatosha kila mtu kwenda na kurudi mara moja, na juu yake majaribio mawili. Scott Lang, mmoja wa mashujaa, anabofya kwa bahati mbaya, anasinyaa, jaribio moja limekwenda. Ndiyo maana Loki, ndugu yake Thor, anapokwapua Tesseract, ule mchemraba wenye jiwe moja ndani, kule New York, Tony na Steve wanatoka jasho: walichobaki nacho ni nauli ya kurudi nyumbani tu. Wanaitumia kwenda kambi ya jeshi ya New Jersey mwaka 1970, Hank Pym, mvumbuzi wa chembe hizo, akiwa bado kazini pale, wakijua wasipoiba nyingine hawarudi tena.

Jambo la pili: Thanos unayemwona vitani mwishoni siye aliyechapua vidole. Yule Thor alishamkata kichwa mwanzoni mwa filamu. Huyu ni wa 2014, aliyenusa mpango kwa sababu ubongo wa mashine wa Nebula wa sasa, binti yake wa kulea aliyehamia kwa mashujaa, ulishikana na wa Nebula wa zamani. Shujaa Wanda anapomwambia umeninyang'anya kila kitu, anajibu hata hamjui, na anasema kweli. Pengo lipo, tusilifiche: Nebula wa zamani anavuka, halafu meli nzima ya vita inamfuata, na hatuonyeshwi chembe za kuvusha meli ile zilitoka wapi.

Kuhusu stelingi wako, kifo chake kilipangwa filamu moja kabla. Katika Infinity War ya 2018, Doctor Strange alichungulia njia 14,000,605 za vita ile akaona moja tu ya ushindi, kisha akalitoa jiwe la wakati ili Tony aachwe hai. Mwishoni anamtazama Tony na kuinua kidole kimoja. Hasemi kitu. Itazame tena sura ya Tony pale, ndipo utakapoona kwamba ameshaelewa ushindi huo unadai afe yeye.

Natasha harudi kwa sababu bei ya jiwe la nafsi ni roho ya mtu. Banner alijaribu kumrudisha alipovaa ile glovu yenye mawe sita, ikashindikana. Ila kwamba Tony alizikwa na ulimwengu mzima umesimama, na Natasha akaliliwa dakika chache kando ya ziwa bila hata mkeka wa matanga, hilo lalamiko tunaliunga mkono.

*Jeshi la Wakanda linapiga kelele "yibambe!" kabla ya kukimbilia vitani. Mwenzangu anashikilia kuwa ni Kiswahili kilichoharibiwa. Nani mkweli?*
*– Msomaji, Kisumu*

Ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Kiliingia Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika katika filamu hizi, kupitia mwigizaji John Kani, mzungumzaji wa lugha hiyo, aliyecheza kama mfalme T'Chaka katika Captain America: Civil War ya 2016. Lakini usimcheke mwenzako, kwani amesikia undugu. Kitenzi ni *bamba*, kilekile cha polisi kumbamba mwizi. *Yi-* ya mwanzo inafanya kazi ya *i-* yetu katika "ishike" au "ifunge", na *-e* ya mwisho ndiyo hiyohiyo ya kuamrisha. Kiswahili chake herufi kwa herufi ni "ibambe!", yaani shikilia, usiachie. Mtu wa Kisumu na mtu wa Eastern Cape wangeelewana hapo bila mkalimani.

Na Lupita Nyong'o usimtafute katika vita ile. Nakia wake yumo katika Black Panther, katika Infinity War na Endgame hayumo.

*Binamu yangu hajawahi kuona hata moja. Tuna Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Tuanzie wapi?*
*– Msomaji, Morogoro*

Filamu zote mpaka Endgame ni 22, hazimaliziki. Chukua nane, uzifuate kwa mwaka zilivyotoka. Ukizipanga kwa mfuatano wa hadithi utamchanganya mgeni.

Ijumaa: Iron Man (2008) na Captain America: The First Avenger (2011), kama saa nne na dakika kumi. Jumamosi ndiyo kazi: The Avengers (2012), Guardians of the Galaxy (2014), Civil War (2016) na Thor: Ragnarok (2017), saa tisa kamili, kwa hiyo anzeni asubuhi na ubwabwa uwe umepikwa mapema. Jumapili ni Infinity War na Endgame, saa tano na nusu.

Mtashawishika kuruka Ragnarok kwa kuwa ina mizaha mingi. Msiiruke. Kipande kinachokuja katikati ya majina yake ya mwisho kinaonyesha meli ya Thor ikikutana na meli kubwa kuliko yake, na Infinity War inaanzia papo hapo, mizoga tayari sakafuni. Bila Civil War, binamu yako hatajua kwa nini Tony anasitasita na kile kisimu cha kukunja chenye namba ya Steve. Mkipata nafasi ya tisa, mpeni The Winter Soldier (2014). Bila hiyo, mzaha wa kwenye lifti katika Endgame utampita.

*Nina diski ya Endgame, picha ina mikanda myeusi juu na chini. Kwa jirani yangu anayetazama Disney+ picha imejaa. TV yangu mbovu? Na kwa nini maneno hayasikiki ila mabomu yanapasua masikio?*
*– Msomaji, Maskati*

TV yako nzima. Filamu nzima ilipigwa kwa kamera za IMAX, ambako upana wa picha ni mara 1.90 ya kimo. Kwa kumbi za kawaida na diski ilikatwa juu na chini ikawa 2.39. Jirani yako anaona toleo la IMAX lililowekwa Disney+ Novemba 2021. TV za leo zina 1.78, ndiyo maana lile la 1.90 karibu lijae. Usibonyeze "zoom" kuondoa mikanda: utapoteza karibu robo ya upana, na pale milango ya duara inapofunguka vitani, wanaotokea pembeni hutawaona kabisa.

Sauti: maneno ya filamu hukaa kwenye spika ya katikati. Kama TV ina spika mbili tu nawe umeacha mashine ya diski itoe sauti ya 5.1, yaani ya spika sita, ile ya katikati huchanganywa vibaya na kumezwa. Ingia mipangilio ya sauti ya mashine ya diski, chagua "PCM" au "stereo", kisha washa "night mode" ikiwepo, inabana mabomu na kuinua maneno. Kisha ingia mipangilio ya picha ya TV, zima kile kinacholainisha mwendo wa picha, maana filamu ni picha 24 kwa sekunde na kikiachwa kinaifanya ionekane kama tamthilia ya mchana. Zima pia kinachobana umeme, hicho ndicho kinachotia giza vita ya mwisho.

*Tulikaa mpaka majina yakaisha yote, hakuna kipande cha ziada. Tumedhulumiwa?*
*– Msomaji, Tanga*

Kipande hakipo kweli. Ila mwisho kabisa, nembo ya studio ikiwa kwenye skrini, husikika chuma kikigongwa na nyundo mara kadhaa. Ni Tony akifua deraya yake ya kwanza pangoni, ile ya Iron Man ya 2008. Kama kibandani mtafsiri alikuwa bado anaongea, au mwenye banda alishachomoa waya, lazima ilikupita.