Saa ishirini za kwanza na Ortofon Cadenza Black: sikiliza nini, puuza nini

Ortofon Cadenza Black ni katriji, kile kifaa kidogo chenye sindano kwenye ncha ya mkono wa kicheza santuri. Fedha inayoinunua inatosha kununua bodaboda mpya na chenji ikabaki, kwa hiyo si ajabu mwenye nayo kutaka jibu usiku uleule: imeizidi ile ya zamani au wapi? Jibu la usiku wa kwanza halifai. Saa za mwanzo unasikia ufungaji zaidi kuliko katriji yenyewe, na mengi yanayosifiwa au kulaumiwa kuwa ndiyo tabia yake ni nusu milimita au sehemu ya kumi ya gramu iliyokaa vibaya.

Anza na umeme, maana hapo ndipo wengi huanguka. Hii ni katriji ya Denmark ya aina ambayo koili ndizo zinazocheza na sumaku imetulia. Inatoa milivolti 0.33 tu. Umeme mdogo hivyo unataka kukuzwa mara 1,000 hivi, yaani desibeli 60. Ukiichomeka kwenye tundu la katriji za kawaida, linalokuza mara 100, utapandisha volyumu hadi mwisho, usikie mchakacho na mvumo wa hezi 50, kisha uiite dhaifu. Koili zake zina ukinzani wa omu 5, na mzigo unaofaa, yaani ukinzani ambao katriji inaukuta upande wa amplifaya, ni omu 100 kwa kuanzia. Ukiiacha kwenye omu 47,000, sauti za juu zitang'aa kupita kiasi: koili na waya vinatengeneza kilele juu kabisa ya uwezo wa sikio, na kilele hicho kinaisumbua amplifaya hadi chini kunakosikika. Ukishuka hadi omu 20, matoazi yanafifia na sauti nzima inapungua. Kwa hiyo mtu akisema "Cadenza Black ni kali", muulize kwanza ameweka omu ngapi.

Waya nne za mkono ni nyekundu na kijani kwa upande wa kulia, nyeupe na buluu kwa kushoto. Zikipishana kwenye upande mmoja hakuna kinachoungua, ila besi inakimbia na mwimbaji, badala ya kusimama katikati ya spika, anasambaa chumba kizima. Hitilafu hii haiondoki hata ukisubiri saa mia.

Uzito ambao sindano inaikandamizia santuri ni gramu 2.3. Tumia mizani ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na isiwe na chuma: sumaku ya katriji hukivuta chuma na namba inadanganya. Mizani yenyewe ikae kwenye kimo cha santuri, la sivyo mkono unakuwa umeinuka na kipimo kinabadilika. Wenye huruma hupunguza hadi gramu 1.8 wakidhani wanaihurumia santuri. Kumbe sindano iliyo nyepesi mno ndiyo inayorukaruka ndani ya mfereji wa santuri na kuzigonga kuta zake.

Almasi yake imechongwa kwa mtindo wa Shibata, uliobuniwa Japani katika kampuni ya JVC miaka ya 1970 kwa ajili ya santuri za chaneli nne. Ncha hiyo inaugusa ukuta wa mfereji kwa mstari mrefu mwembamba, si kwa kidoa kama sindano ya mviringo. Uzuri wake wote umo humo, na usumbufu wake pia, kwa sababu haisamehe pembe. Panga katriji kwa kadi ya kupangia pembe yenye nukta mbili, milimita 66.0 na 120.9 kutoka katikati ya sahani, ukiangalia kijiti cha sindano, kile kinachobeba almasi, na si boksi la katriji, kwani kijiti kinaweza kupinda kidogo kutoka kiwandani. Kisha mkono ulale sambamba na santuri. Kwa mkono wa inchi 9, kuinua sehemu ya nyuma ya mkono milimita 4 kunabadilisha pembe kwa digrii 1 tu, kwa hiyo anayedai kusikia robo ya milimita mpe kiti akae, na wewe endelea.

Sasa sikiliza. Chagua santuri tatu unazozijua, nyimbo zilezile kila mara, na usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Wimbo wa mwisho wa upande ndio mtihani halisi. Mwanzoni mwa upande mfereji unapita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde, karibu na lebo ni 21 tu, na mawimbi yanabanana. Hapo herufi "s" na "sh" za mwimbaji zikibaki safi, umepanga vizuri. Zikichakaza spika zote mbili, rudia kadi. Zikichakaza upande mmoja zaidi, angalia kwanza kidhibiti kinachouvuta mkono nje.

Ikishakaa sawa, jambo la kwanza linalojitokeza ni ukimya: mikwaruzo inasikika kama iko nyuma ya pazia, mbali na muziki. Sauti za juu zina utulivu, fidla haiumi. Besi ndiyo inayochelewa. Saa 10 za mwanzo huwa imebana kidogo, mpira unaoshikilia kijiti ukiwa bado mgumu, na inalegea kadiri unavyoendelea. Saa 20 ni pande 60 za santuri za dakika 20, si usiku mmoja. Baridi nayo inaukaza mpira huo. Asubuhi ya Julai mjini Nairobi acha chumba kipate joto la digrii 20 hivi kabla ya kutoa hukumu. Mombasa na Dar es Salaam hilo halina haja, huko adui ni vumbi na unyevu.

Na zile sahani ndogo za benga na rumba zilizochapwa Nairobi miaka ya 1970? Wakati mwingine Shibata inagusa sehemu ya ukuta ambayo sindano za zamani hazikuimaliza, na wimbo uliodhaniwa umekufa unafufuka. Wakati mwingine inachimbua uchafu wote uliolala chini. Zioshe kwanza, na kama amplifaya ina kitufe cha mono, kibonyeze kwa zile za mono, yaani zenye sauti ya chaneli moja: kelele za sindano kupanda na kushuka zinafutika nyingi.

Baada ya saa 20, pima uzito upya. Mpira ukishalegea katriji hushuka kidogo, hivyo angalia pia kama mkono bado uko sambamba.