GPA 2.8 Mkononi, Digrii Iko Wapi?

SWALI: Kidato cha nne nilipata D nne tu. Nikaanza na cheti, nikapanda mpaka stashahada ya utunzaji kumbukumbu hapa hapa Tanga, nikamaliza mwaka juzi na GPA (wastani wa alama) ya 2.8. Nimeomba digrii mara mbili, mfumo umenikataa mara zote mbili. Wenzangu wanasema nikafanye kidato cha sita. Nina miaka 33. Nifanyeje?
Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Kidato cha sita kiweke kando. Mtahiniwa wa kujitegemea haukalii mtihani ule bila C tatu za kidato cha nne, na wewe una D tupu. Ungelazimika kurudi nyuma mara mbili.

Kinachokukwamisha ni hiyo 2.8. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inamtaka mwenye stashahada (NTA ngazi ya 6 katika ngazi za elimu ya ufundi) awe na GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne. Hayo manne unayo, maana D inahesabika. Lakini ukiomba mara kumi kwa cheti hichohicho utakataliwa mara kumi, na ada ya maombi hairudi.

Njia yako ni kozi ya Faundesheni ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo Tanga. Inapokea stashahada yenye GPA kuanzia 2.0. Ili ikufikishe kwenye digrii, upate GPA ya 3.0 katika masomo sita ya msingi, na C au zaidi katika masomo matatu ya kundi moja: sanaa, sayansi au biashara. Hapo kwenye kundi ndipo wengi huteleza. Wanachagua lililo jepesi, kisha wanakuta digrii waliyoitaka inadai jingine. Fungua kwanza kitabu cha mwongozo cha TCU cha wenye sifa linganifu (kile cha kidato cha sita ni kingine), soma sifa za kozi unayoitaka, ndipo uchague kundi.

Bodi ya Mikopo nayo ina kikomo cha miaka 35, kwa hiyo usisubiri mwaka mwingine.

Kwa walio bado darasani ngazi ya 6: GPA ni alama ya kila somo (A 5, B+ 4, B 3, C 2) mara krediti zake (uzito wa somo), jumla ikagawanywa kwa krediti zote. Tuseme krediti zote ni 120. Kutoka 2.8 hadi 3.0 ni pointi 24 tu, yaani masomo mawili ya krediti 12 yakitoka C kwenda B. Na ukimaliza, kabla ya kuomba digrii, chukua namba ya uhakiki ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, ile AVN. Isipotoka, mara nyingi chuo hakijapeleka matokeo yako, kwa hiyo anzia ofisi ya taaluma ya chuo.

SWALI: Shikamooni. Mwanangu anapenda ngoma na maigizo, anataka kuingia TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo. Ana D nne: Kiswahili, Uraia, Historia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Tumeambiwa hazitoshi. Si nne hizo?
Mama, Dunda, Bagamoyo

JIBU: Marahaba, mama. Kwa udahili wa cheti ni tatu, kwa sababu masomo ya dini hayahesabiwi. Asirudie mtihani wote. Ajisajili kituo cha watahiniwa wa kujitegemea mapema mwakani, afanye masomo mawili, moja likiwa akiba, mtihani ukija Novemba. Jiografia inafaa, haina maabara kama Kemia. Atakuwa na namba mbili za mtihani, ya zamani inayoanza na S na mpya inayoanza na P. Kwenye maombi aziandike zote mbili. Na majina yafanane herufi kwa herufi: Ramadhani cheti kimoja na Ramadhan kingine ni watu wawili mbele ya kompyuta.