Kwetu Kilwa tulianza na dawa ya mama, taa zikaja baadaye

Mhariri na wasomaji wenzangu, habari za huko mliko. Swali la wiki hii mmeuliza hivi: dhoruba ikija na umeme ukakata siku kadhaa, nyumbani kwenu mnaishije? Mie naishi Kilwa Masoko na nikisikia swali kama hilo akili inaenda moja kwa moja Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, siku moja kabla ya Kimbunga Hidaya kuingia pwani yetu kupitia Mafia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza, redio inasema, kwenye simu watu wanatumiana, na msikitini kwetu baada ya sala ya Ijumaa ikatangazwa tena kwa spika kwamba wavuvi wasitoke na walioko mabondeni wasogee juu. Lakini wengi wetu moyoni tulikuwa tunasema kitapita tu. Vimbunga kwetu sio vitu vya kila mwaka kama kwa wenzetu wa Msumbiji na Madagaska, sie tuko karibu zaidi na ikweta na huku upepo haupati ile nguvu ya kujisokota kirahisi, bibi yangu ndo alikuwa akituhadithia kile cha mwaka 1952 kilichopiga Lindi, na mwaka 2021 tulitangaziwa Jobo kikaishiwa nguvu kabla hakijatufika vizuri, basi watu wakajua na hiki ni hivyo hivyo.

Sasa pale nyumbani mchana ule kila mtu alikuwa anahangaika na lake. Mume wangu yuko juu ya bati na fundi, shemeji kaenda ufukweni kuvuta ngalawa ipande juu kabisa penye minazi, watoto nimewatuma dukani mishumaa na betri za tochi. Mama yangu mzazi tunaishi naye, ana kisukari, anachoma insulini asubuhi na jioni, alikuwa kakaa barazani kimya muda mrefu, afu akaniita. "Mwanangu, umeme ukikata dawa yangu itakaa wapi?"

Yaani nilisimama. Nusu siku nzima nahesabu mishumaa na mtu ambaye maisha yake yako kwenye mlango wa friji sijamfikiria. Hapo ndo nilipogeuza mpangilio wote, na ndo jibu langu kwa swali lenu: ukiambiwa upepo unakuja, anza na yule dhaifu kuliko wote humo ndani, awe mzee, awe kichanga, awe mjamzito aliyekaribia siku zake, jiulize huyu kuanzia sasa hadi siku tano mbele atahitaji nini asubuhi, nini mchana, nini usiku, ukishamaliza lake ndo uende kwenye taa. Giza peke yake halijaua mtu kwetu.

Niwaeleze tulivyofanya na dawa kwa sababu najua kuna nyumba nyingi zina mgonjwa wa sukari. Nilimpigia nesi mmoja tunayemfahamu, akaniambia usiogope, chupa aliyokwisha kuifungua inaweza kukaa nje ya friji wiki kama 4 ilimradi joto lisizidi nyuzi 30, ila isikae juani, isikae karibu na jiko, na usije ukaipoza kwa kuilaza juu ya barafu mana ikiganda imeharibika hata kama ikiyeyuka inaonekana nzima. Akanifundisha mtungi. Tukachukua mtungi mkubwa wa udongo, ndani tukatia mchanga wa pwani nilioufua kwa maji baridi mara mbili chumvi itoke, katikati ya mchanga tukakalisha chungu kidogo, mchanga tukaulowesha maji mpaka ukawa mzito. Chupa mbili za mama, ile ya kutumia na ile mpya, zikaingia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza ili maji yasiingie, kopo ndani ya chungu, juu yake kitambaa cha kanga kilicholowa. Mtungi tukauweka ukumbini, penye kivuli na panapopita upepo, kwa sababu unapoza kwa vile maji yanatoka jasho kwenye udongo na upepo unayakausha, ukiufungia kabatini haufanyi kitu. Ukitia mkono mle unasikia ubaridi wake, sio wa friji, ni ule wa maji ya mtungini. Kila jioni naongeza maji kwenye mchanga.

Baadaye nimekuja kusoma kwamba Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walilipima jambo hili, wakachukua joto halisi la kambi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na mwaka 2021 wakatoa majibu kwamba insulini ilikaa wiki 4 kwenye joto hilo na nguvu zake zikabaki vile vile. Natamani ningelijua siku ile, ningelala. Hata hivyo iangalieni kila mara kabla ya kuchoma, ile ambayo kawaida ni maji safi ikianza kuwa na ukungu muiache, na ile ya rangi ya maziwa ikishika mabonge mabonge hata ukiiviringisha mkononi nayo muiache. Na jambo jingine watu wanalisahau, mgonjwa wa sukari siku za taharuki hali vizuri, kachoma dawa afu chakula hakipiti, sukari inashuka ghafla, jasho linamtoka na mikono inatetemeka. Mama nilimwekea soda na kibakuli cha sukari pembeni ya kitanda, pahala ambapo mkono wake unafika hata gizani.

Mengine yalienda haraka. Maji, tulijaza kila chombo, ndoo, madumu, mapipa, mpaka beseni za kufulia, mana bomba linategemea pampu na pampu inategemea umeme. LUKU nilinunua mapema kabla mitandao ya simu haijaanza kusumbua. Simu zote zikachajiwa mpaka zikajaa pamoja na pawabenki, afu moja tukaizima kabisa tukaiweka akiba. Vyeti, vitambulisho vya NIDA na kadi za kliniki nikavifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni. Kuhusu bati, nawaomba sana msiweke mawe juu ya paa, najua ndo desturi ya wengi, lakini upepo ukilinyanyua lile bati jiwe linatua kwa jirani au kwa mwanao, fundi wetu aliongeza misumari kwenye kingo na akafunga kenchi na nguzo kwa waya mnene, na paa likabaki.

Usiku wenyewe sitauelezea sana. Upepo ulikuwa unavuma kama kuna lori linapita juu ya nyumba na halimalizi kupita, umeme ukakata mapema, mvua ikaingia kwa pembeni kupitia madirisha, tukahamia wote chumba cha kati kisichokuwa na dirisha la upande wa bahari. Mama akawa anasoma Yasini kwa moyo, watoto wakalala kwenye mapaja yake.

Lililotaka kutuua lilikuja asubuhi yake. Jiko letu la nje la makuti lilikuwa limeng'oka lote, mvua bado inamwagika, watoto wana njaa, basi nikaleta jiko la mkaa ukumbini, nikafunga mlango na madirisha mvua isiingie, nikaanza kupika uji. Haikuchukua muda mwanangu wa miaka sita akasema mama kichwa kinauma, akakaa chini, afu akatapika. Mie mwenyewe nikawa nasikia miguu mizito nikadhani ni uchovu wa kukesha. Shemeji ndo aliyeingia akapiga kelele, fungueni milango! akatubeba nje mvuani. Ule ni moshi usioonekana wala kunuka, mkaa ukiwaka pahala pasipo na hewa unatoa hewa ya sumu inayokaa kwenye damu pahala pa hewa safi, mtu analala moja kwa moja. Jenereta nayo ni hivyo hivyo, wengine wanaiweka korido isiibiwe, msifanye hivyo. Mtoto alipata nafuu baada ya kukaa barazani kwenye hewa saa nzima na zaidi, lakini nikiliona jiko la mkaa karibu na mlango mpaka leo moyo unaenda mbio. Kama mvua haikatiki, kuleni mikate, tende, karanga, ndizi, chochote kisichopikwa, au pikieni barazani chini ya paa penye upepo. Njaa ya nusu siku inavumilika.

Siku zilizofuata ndo kazi yenyewe. Ardhi ilikuwa imeshiba maji ya masika toka mwezi wa nne, kwa hiyo mafuriko yakakaa, na barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga na Mikereng'ende, malori yakakwama huko, huku dukani unga na mafuta ya kula bei inapanda kila ukienda. Mtaani kwetu nguzo ilikuwa imelala njiani na waya umezama kwenye dimbwi, vijana wakakaa zamu kuzuia watoto wasipite pale, hilo nalo lishikeni, waya ulioanguka uhesabuni una umeme hata kama mtaa mzima una giza. Ndugu zetu wa Dar tulitegemea ndo watupe habari, kumbe tarehe 4 hiyo hiyo gridi ya taifa nayo ilipata hitilafu, nao wako gizani, simu hazishikiki. Redio ndogo ya betri ndo ilitufaa kuliko simu zote.

Samaki waliokuwa kwenye friza ya jirani yetu, anafanya biashara, siku ya pili hakusubiri. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa funguliwa inashika baridi kama siku mbili hivi, friji ya kawaida ni saa 4 tu. Akagawa kwa majirani wote, tukakaanga, wengine wakabanika, nyingine tukatia chumvi. Maji ya kisima hatukuyagusa bila kuchemsha mpaka yatokote kabisa, kwa sababu vyoo vilikuwa vimefurika na kipindupindu hakina hodi.

Umeme ulirudi siku ya nne usiku. Tulikuwa tumechomoa kila kitu, friji, tivii, chaja, tukaacha swichi ya taa moja tu ya ukumbini, mana ukirudi mara nyingi unakuja kwa nguvu, unakata, unarudi tena, na hapo ndo vitu vinaungua. Basi ile taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Watoto wakashangilia mtaa mzima unasikia. Nikasubiri kama nusu saa hivi nikachomeka friji.

Nikaenda kwenye mtungi nimtolee mama dawa niirudishe kwenye friji, akaniambia iache humo humo mpaka kesho, mwanangu, hatujui kama umekuja kukaa. Alfajiri ulikata tena.