Kiyoyozi cha Gari la Umeme Kinachopoza Safarini na Kushindwa Gari Likisimama

SWALI: Mhandisi, salamu kutoka Raskazoni, Tanga. Ninatumia Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 24, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imeshatumika. Tangu kaskazi ianze, kiyoyozi kinapoza vizuri ninapokwenda Muheza, lakini nikisimama mjini kwa dakika chache kinatoa hewa ya joto. Fundi wa AC ameongeza gesi mara mbili bila kuitoa ile ya zamani. Baada ya mara ya pili, ubaridi umekatika kabisa hata gari likiwa kwenye mwendo, na taa ya onyo la mfumo wa umeme imewaka kwenye dashibodi, ingawa gari bado linatembea. Je, kompresa imekufa?

JIBU: Ndugu yangu, umenisaidia sana kwa kueleza mambo kwa mfuatano wake, kwa sababu mfuatano huo unaonyesha kwamba huenda una hitilafu mbili: moja ilikuwamo tangu mwanzo, na nyingine imekuja na matengenezo. Nitaanza na hiyo ya pili, kwa kuwa ndiyo yenye hatari.

Tafadhali zima AC na usiiwashe tena mpaka gari lipimwe. Katika gari la petroli, kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, kwa kawaida huzungushwa na fenibelti, na mafuta yaliyomo ndani yake hayana kazi nyingine ila kulainisha. Kompresa ya Leaf ina mota yake ndani ya kasha lake, nayo hulishwa na betri kubwa yenye volti zinazokaribia 360, huku gesi na mafuta vikipita moja kwa moja juu ya nyaya za mota hiyo. Kwa hiyo mafuta hayo hulainisha na pia hukaa kama kinga katikati ya umeme mkubwa na bodi ya gari. Yanatakiwa yawe ya jamii ya POE, yasiyopitisha umeme. Mafuta ya PAG, ambayo ndiyo yaliyozoeleka kwenye magari ya petroli, hudhoofisha kinga hiyo, na hata mabaki yaliyobaki ndani ya mipira ya geji (kipimo cha shinikizo la gesi) yanaweza kuleta madhara. Makopo mengine ya gesi huuzwa yakiwa tayari yamechanganywa na mafuta, au na dawa ya kuziba uvujaji. Rudi kwa fundi wako kwa upole, umwombe akuonyeshe kopo alilotumia. Mimi simlaumu, maana kwa gari la petroli wengi hufanya hivyo hivyo kila siku.

Hatua inayofuata ni kusoma namba za hitilafu kwa mashine inayoelewa Leaf. Zikionyesha kwamba kinga ya umeme imeshuka, kompresa itapaswa kutenganishwa na kupimwa kwa mega, kifaa cha kupima kinga ya umeme. Kazi hiyo si ya kufanyia nyumbani: aliyefunzwa huzima gari, huchomoa plagi ya usalama ya betri kubwa akiwa amevaa glavu za volti 1000, husubiri angalau dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe, kisha hupima kuhakikisha kwamba haupo, na hapo ndipo hugusa nyaya za rangi ya machungwa. Ikithibitika kwamba mafuta yasiyofaa yameingia, matengenezo yatakuwa ya gharama, kwa sababu kumwaga na kujaza upya peke yake mara nyingi hakuyaondoi yote.

Kompresa inaweza pia kuwa nzima, ila gesi imezidi. Shinikizo likipanda kupita kiasi, kihisi hutoa taarifa na kompresa husimamishwa ili isiharibike. Hapa geji huwadanganya wengi. Gari likiwa limezimwa, gesi ya AC aina ya R-134a kwenye nyuzi joto 30 itaonyesha shinikizo la takriban psi 97, iwe imejaa au imepungua, mradi tu imebaki ya kimiminika ndani. Kipimo cha kuaminika ni mizani: gesi yote itolewe kwa mashine, hewa ivutwe yote kutoka ndani ya mfumo, kisha gesi ipimwe kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti. Isiachiwe hewani, kwani kilo 1 ya gesi hiyo hupasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 1,000 za hewa ya ukaa.

Sasa nirudi kwenye hitilafu ya kwanza, ambayo naamini hakuna aliyeitazama. Gari la petroli likisimama, injini hupunguza mzunguko na kompresa hupungua nayo, ndiyo maana fundi hukwambia upige resi kidogo. Kompresa yako haitegemei mwendo wa gari. Kinachobadilika unaposimama ni upepo unaopita kwenye kondensa, sehemu inayotoa joto la gesi nje, pale mbele ya rejeta, na kazi ya kuuleta upepo huo hubaki kwa feni peke yake. Kwa hiyo dalili yako inaelekeza kwenye feni isiyozunguka, au kondensa iliyoziba au kuliwa na kutu. Kwa gari linalolala Raskazoni, chumvi ya bahari ni jambo la kulitazama mapema. Nimewahi kukuta mapezi ya kondensa, yaani vibati vyake vyembamba, yakimong'onyoka kwa kuguswa na kidole tu.

Taa ikishashughulikiwa na gesi ikawa sahihi, egesha gari kivulini, washa AC mpaka mwisho, na usikilize feni za mbele. Zikinyamaza wakati hewa inaanza kupata joto, kagua fyuzi, rilei na mota zake. Zikizunguka, nyunyizia kondensa maji kwa mpira wa bustani, taratibu, bila mashine ya presha, kwa sababu presha hulaza mapezi. Ubaridi ukirudi maji yanapotiririka, kondensa ndiyo inayoshindwa kutoa joto, na inahitaji kusafishwa au kubadilishwa.

Kuhusu betri kubwa usiwe na wasiwasi: kwenye Leaf hiyo haipozwi na gesi ya AC, tofauti na magari kama Tesla, kwa hiyo kuendesha ukiwa umezima AC hakutaipasha moto zaidi. Lakini taa ile ikibadilika kuwa nyekundu, au gari likikataa kuwaka, usilazimishe. Lipakiwe kwenye gari la kubebea hadi kwa fundi wa umeme mkubwa.